Jiwe la Kusagia na Shimo Jeusi

Meneja wa kiwanda ameniomba niwaandikie nyie vijana mnaoanza kazi msimu huu. Alitaka ukurasa mmoja kuhusu usalama. Ukurasa mmoja unamtosha mtu aliyefanya kazi kidogo. Mimi nimechambua pamba tangu sina ndevu mpaka ndevu zimeanza kuchukua rangi ya pamba yenyewe, na kuanzia Lalago hadi Kasoli hakuna mashine ya kuchambulia ambayo sijaifungua tumbo nikaifunga tena bila kubakiza nati. Niliacha shule darasa la sita. Wenye vyeti walikuwa wanakuja na vitabu vyao, wanaifungua mashine, wanaifunga, wanabaki na nati nne mkononi, halafu wanauliza, "Masunga yuko wapi?"

Masunga ndiye mimi. Leo nina mashine zangu mbili za kukamua mafuta ya mbegu hapa Bariadi, nina nyumba ya bati la rangi, na nina mtoto wa kaka yangu, Nkwimba, anayesomea mashimo meusi ya angani. Huyo nimemhesabu kwenye mafanikio yangu makusudi, kwa sababu baiskeli aliyokwenda nayo sekondari ilikuwa yangu. Mtaona baadaye anaingiaje kwenye habari za pamba.

Tuanze na meno. Mkulima akileta mzigo, usimwangalie usoni, angalia mbegu. Chomoa mbegu moja, ing'ate. Ikipasuka kwa mlio, pamba imekauka. Ikibonyea kama harage la jana, mrudishie akaanike. Ukiipokea hivyo hivyo kwa huruma, maji yatabaki ndani ya robota, yatapata joto, na siku moja utakuta robota linatoa moshi na hakuna aliyeliwasha. Siku hizi mna kifaa cha kupima unyevu, kinaonyesha namba. Kitumieni. Lakini betri ikiisha, mnayo meno. Langu hili la pembeni lilivunjikia kazini na sijalidai popote.

Kisha masikio. Aliyenifundisha mashine ni Mzee Sayi wa Lalago, fundi mkuu, mtu mfupi aliyekuwa na kipande cha fito kila aendako. Ncha moja ya fito anaigusisha kwenye beringi, ncha nyingine anaiweka sikioni, anafumba macho kama anayesikiliza matangazo ya vifo redioni. Siku ya kwanza alinipa ile fito.

"Unasikia nini?"

"Nasikia mashine, mzee."

"Basi husikii kitu. Rudi kafagie."

Nilifagia miezi miwili. Siku aliponipa tena nikamwambia, "Beringi ya pili inakohoa." Akaichukua fito, akasikiliza, akaniambia, "Inakohoa tangu jana. Lakini umejitahidi." Kutoka kwake hiyo ilikuwa sherehe nzima.

Kuhusu usalama, maana meneja atauliza: usivae mikono mirefu. Mimi nilivaa, shati jipya la kitenge, nikitaka mabinti wanaobeba mbegu wanione. Mkanda wa mashine ulilishika shati ukaondoka nalo lote, mimi ukaniacha. Mungu alinipenda. Nilirudi nyumbani na kola. Mabinti waliniona.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo sijawahi kuliandika.

Kabla soko la pamba halijafunguliwa, pamba ilikuwa inakuja kwa utaratibu. Kila chama cha msingi kina zamu yake, magunia yana alama, ya Kasoli yanakaa na ya Kasoli, ya Migato na ya Migato. Pamba safi upande huu, fifi, ile chafu ya daraja la chini, upande ule. Mashine ikiumwa, unajua chakula kipi kimeivuruga. Halafu ikaja miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori, kila mmoja anakimbilia mkulima kabla mwenzake hajamfikia. Mimi nilikuwa kijana wa ishirini na kitu, na bosi wetu mpya hapa Bariadi, mtu kutoka mjini aliyetembea haraka hata akiwa hana anakokwenda, alinipandisha cheo nikawa msimamizi wa zamu. Sikuwa na cheti hata cha ubatizo. Nilijiona nimeupanda mlima.

Bosi alikuwa na amri moja: mwaga. Lori likifika, mwaga. Mkokoteni wa ng'ombe ukifika, mwaga. Safi na fifi, Kasoli na Migato, zote kwenye lundo moja uani lenye urefu wa nyumba. Mzee Sayi aliliangalia lile lundo siku ya kwanza, akanyanyua fito yake, akaenda zake Lalago kulima. Hakurudi.

Mchana mmoja wa jua kali, katikati ya zamu yangu, jiwe liliingia kwenye mashine ya kupepeta. Mwajua mle ndani kuna meno ya chuma yanayozunguka. Jiwe likagonga meno, cheche ikaruka, na pamba ikafanya inachofanya. Moto wa pamba haupigi kelele, vijana. Unatambaa kwa ndani, unajificha, unatokea pale usipotazama. Tulimwaga maji, tukavuta kwa reki, tukafukia na udongo. Hakuna aliyeumia. Lakini mashine ya kupepeta iliharibika vibaya, na nusu ya lundo ikawa majivu na uji mweusi.

Bosi akaja, akazunguka mara tatu. "Nani ameweka jiwe kwenye gunia lake?"

Wakati ule kulikuwa na wakulima wachache waliotia jiwe au maji ili gunia lipate uzito. Kila mtu aliamini ndivyo ilivyokuwa. Hata mimi.

"Nipe siku tatu," nikasema. "Nitakuletea jina."

Hakuna aliyeniomba. Mdomo wangu tu. Nilikuwa msimamizi, na msimamizi nilidhani ni mtu anayejua.

Siku ya kwanza niliingia kwenye lile lundo kwa furaha. Niliona kila kitu kimo: udongo mweusi wa mbuga, ulioganda kwenye pamba ya upande mmoja, kichanga chekundu kwenye pamba ya upande mwingine, vipande vya majani, kamba za magunia, kila kijiji na fundo lake. Nikajiambia, hapa hakuna kilichopotea, ni kupanga tu. Nikaanza kupanga. Rundo la udongo mweusi, rundo la kichanga. Kufika mchana nikagundua kwamba reki zetu zilikuwa zimechanganya kila tonge na kila tonge. Udongo mweusi ulikuwa na kamba ya Kasoli, kamba ya Kasoli ilikuwa na mbegu yenye kichanga. Siku ya pili nilikuwa na marundo arobaini. Siku ya tatu nilikuwa na lundo moja tena, maana upepo ulivuma.

Ila siku hiyo ya tatu nilipata kipande cha jiwe lenyewe, ukubwa wa ngumi. Upande mmoja unakwaruza, upande mwingine laini, umebonyea kidogo, unateleza kama sabuni. Kila Msukuma aliyelelewa na mama yake anajua uso ule. Lilikuwa jiwe la kusagia.

Akili yangu ikaruka kama ile cheche. Jiwe la kusagia ni la jikoni. Jikoni kuna mwanamke. Na siku ya moto, kati ya wote walioleta pamba, mwanamke aliyekuja mwenyewe na mkokoteni wake alikuwa mmoja tu, Mayu Minza, yaani Mama Minza, wa Migato, mjane. Nikampelekea Bosi jina hata kabla ya saa ya chai.

Juma lililofuata Mayu Minza alileta pamba iliyobaki. Karani wa mizani hakuuliza kitu. Alifungua magunia yake yote, akayamwaga chini mbele ya watu, akapekua kwa mguu. Hakukuwa na jiwe. Akamwambia arudishie mwenyewe. Akarudishia, gunia kwa gunia, peke yake, huku foleni inacheka. Tangu siku hiyo akaitwa Mama Jiwe.

Jina lile likakaa. Bosi alifilisika akaondoka, wakaja wanunuzi wengine, wakaondoka, tukapata mkoa wetu, vyama vya msingi vikarudi, na kila msimu, kila karani mpya anaambiwa na karani wa zamani: yule mmwagie magunia chini. Vijana waliozaliwa baada ya moto waliyamwaga magunia yake bila kujua kwa nini. Wanae waliitwa watoto wa Mama Jiwe. Mimi nilikuwa naisikia ikisimuliwa, na nilikuwa nasimulia mwenyewe. Ilikuwa hadithi yangu nzuri: jinsi Masunga alivyomnasa mtu kwa kipande cha jiwe.

Basi, mwaka jana Nkwimba alikuja likizo. Tulikuwa barazani tunamenya karanga, mchana.

"Baba mdogo," akasema, "nina mhadhara mwezi ujao. Nataka nijaribu kwako kwanza. Ukielewa wewe, ataelewa kila mtu."

"Hiyo sifa ina mkia," nikamwambia. "Endelea."

"Shimo jeusi ni nyota kubwa iliyokufa ikajilemea. Imejikunja mpaka kikiingia kitu, hata mwanga, hakitoki."

"Kama ghala la bosi wangu wa zamani."

"Ngoja basi. Linavuja. Linatoa joto kidogo kidogo, kama kaa lililofunikwa majivu. Baada ya miaka isiyosemeka linakwisha lote. Sasa, ukitupa kitabu humo, na shimo likaisha likawa joto tupu, maneno ya kitabu yamekwenda wapi?"

"Yameungua."

"Ukichoma kitabu hapa uani, maneno yamepotea?"

"Wewe unaonaje? Nani atasoma majivu?"

"Hapo ndipo penyewe. Hakuna atakayesoma, lakini hayajapotea. Yamo kwenye moshi, kwenye majivu, kwenye mwanga wa moto. Mtu angekusanya kila chembe, akajua kila moja inakwenda wapi, angeweza kuirudisha safari nyuma mpaka kitabu. Fizikia inasema habari haifutiki, inachanganywa tu. Na wengi wetu tunaamini shimo jeusi nalo linafuata sheria hiyo."

Nikaweka sahani ya karanga chini. "Mwanangu, hicho mnachosomea miaka yote hiyo mimi nilikijua jineri, kiwandani kwetu, kwa siku tatu, na reki."

Nikamsimulia lundo. Udongo mweusi, kichanga, kamba, marundo arobaini, upepo. Nkwimba akaacha kumenya. Akachukua daftari akaanza kuandika maneno yangu, na mimi, nawaambia ukweli, nikapunguza mwendo ili asikose hata moja.

"Sasa nikuonyeshe kwa nini ulishindwa," akasema.

"Sikushindwa. Upepo."

"Haya, upepo. Wewe ni mtu wa mashine. Swichi moja ina hali ngapi?"

"Mbili. Imewaka, imezimwa."

"Swichi mbili?"

"Nne. Tatu, nane. Nne, kumi na sita."

"Kila swichi moja unayoongeza, kazi haiongezeki kidogo, inazidi mara mbili. Swichi ishirini tu, tayari umepita milioni. Na moshi wa shimo jeusi una swichi nyingi kuliko punje zote za mchanga wa Ziwa. Sasa hata ukiwa na kompyuta ambayo bado haijatengenezwa, ile inayofanya kazi kwa chembe zenyewe, inaonekana kuusoma moshi ule kungechukua muda mrefu kuliko maisha ya shimo. Utakuwa bado unapanga marundo, lenyewe limeshakwisha."

"Kwa hiyo majibu yapo, ila hayafikiki."

"Kwa wakati, hayafikiki. Na hilo limetuokoa kwenye ugomvi mkubwa." Akachukua karanga mbili kutoka ganda moja. "Kuna chembe ambazo ni mapacha. Huyu Kulwa, huyu Doto. Ukimpima Kulwa hapa, unajua habari za Doto hata kama yuko Mwanza. Lakini sheria ni kali: Kulwa ana Doto mmoja. Hawezi kuwa pacha kamili wa watu wawili."

"Hata kwetu hawezi."

"Sasa chembe inayotoka kwenye shimo lililozeeka inadaiwa na pande mbili. Ili mlango wa shimo uwe shwari, chembe inayotoka lazima iwe pacha wa ile iliyobaki ndani. Ili maneno ya kitabu yasipotee, lazima iwe pacha wa moshi wa zamani, uliotoka mapema. Wote wawili wanadai, 'Huyu ni Doto wangu.' Kuna waliosema basi, mlangoni kuna ukuta wa moto unaounguza kila anayeingia. Wengine wakasema, hebu kwanza, nani atamkamata huyo Doto mwenye Kulwa wawili? Ili umkamate, lazima kwanza uupange moshi wote wa zamani. Na ukimaliza, shimo halipo tena la kuingia ukaangalie. Kwa hiyo kosa halionekani na mtu yeyote, kamwe."

Nikacheka mpaka kuku wakakimbia. "Mwizi anaachwa huru kwa sababu kesi ni ndefu kuliko umri wa hakimu."

"Naomba niitumie hiyo."

"Itumie, ila utaje jina langu."

Aliandika. Kisha akauma kalamu. "Ila kuna njia moja ya mkato. Kama tangu mwanzo shimo lako lina pacha wake, na huyo pacha unaye wewe mkononi, na unajua lenyewe linachanganyaje, huhitaji moshi wote. Matonge machache mapya yanatosha, unamuuliza pacha, maneno yanatoka." Akageuza ukurasa. "Baba mdogo, nisaidie hapa ili mfano usije ukanivunjikia mbele ya watu. Lile lundo lilikuwa halisomeki, si ndiyo? Umesema mwenyewe."

"Halisomeki hata kwa malaika."

"Sasa yule mama mlimjuaje?"

Alikuwa anauliza kwa ajili ya mhadhara. Hakuwa na nia nyingine, kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi inangoja. Nami nikafungua mdomo wangu, huu ambao haujawahi kukosa neno, nikaikuta hadithi yangu nzuri imekaa mle ndani kama nati iliyobaki mkononi baada ya mashine kufungwa.

Kuna kitu sijawaambia. Lundo la uani tulikuwa tunalifunika kwa turubai, na turubai tulikuwa tunalizuia kwa mawe manne pembeni. Mawe hayo aliyaleta msimamizi mpya, kijana mwenye bidii, kwa baiskeli kutoka nyumbani kwao. Matatu ya kawaida. La nne lilikuwa nusu ya jiwe la kusagia la mama yangu, lililokuwa limepasuka katikati masika ile. Nusu yake ikabaki nyumbani, kuku wakawa wananywea maji. Juma moja baada ya kumtaja Mayu Minza, nilikwenda kufunika lundo jipya, nikahesabu mawe. Matatu. Siku ya moto tulikuwa tumevuta turubai kwa haraka maana lori lilikuwa linasubiri, na jiwe likabingirika kwenye pamba. Nilisimama pale uani nikalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Kisha nikatafuta jiwe jingine, nikaliweka pembeni, yakawa manne. Nikajiambia hakuna wa kulipanga lile lundo. Miaka yote lundo lilinilinda.

Nikamwambia Nkwimba. Ilinichukua maneno machache kuliko nilivyoogopa.

Akafunga daftari. "Ile nusu nyingine bado ipo?"

"Iko kwa bibi yako. Kuku wanaijua."

"Basi pacha unaye," akasema.

Kesho yake asubuhi nililifunga lile jiwe nyuma ya pikipiki, nikaenda Migato. Nkwimba alitaka kuja, nikamkatalia. Kuna vitu mtu mwenye sifa zangu hapendi vionwe na msomi.

Mayu Minza nilimkuta anachagua pamba mbele ya nyumba, amekaa kwenye ngozi, miguu ameinyoosha. Amezeeka lakini vidole vyake vina haraka kuliko vya binti yeyote kiwandani kwenu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka." Akanitazama. "Wewe si yule wa mashine?"

"Ndiye mimi. Masunga."

"Umenenepa."

Nikalifungua jiwe, nikaliweka chini mbele yake. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, nzuri, yenye utangulizi. Hakuna hata neno lake moja lililotoka. Nilisema, "Lile la moto lilikuwa nusu ya pili ya hili. Lilikuwa langu. Nililijua juma lile lile."

Hakushtuka. Alipitisha kiganja kwenye ule upande laini, akanyanyua mkono akaelekeza jikoni. Pale mlangoni palikuwa na jiwe lake la kusagia, zima, limebonyea katikati kama kiti kilichokaliwa sana.

"Mimi jioni ya moto nilisagia uwele kwenye lile pale. Nikawaambia siku ile mizanini, jiwe langu liko nyumbani. Mkacheka. Ulichambua majivu siku tatu, Masunga, nilisikia. Siku tatu. Kutoka Bariadi kuja hapa kwa baiskeli ni nusu ya siku. Ungekuja ukaangalia, ukanywa uji, ukarudi."

Vijana, nimefundishwa na Mzee Sayi kwa fito, nimefundishwa na mkanda wa mashine kwa shati. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno machache kama hayo. Kumtafuta mwenye jiwe kwenye lundo ilikuwa kazi ya maisha. Kuhakikisha kama mtu uliyemtaja ndiye, ilikuwa safari ya baiskeli. Baadaye Nkwimba aliniambia wataalamu wa hesabu wanazitenganisha kazi hizo mbili tangu zamani, kutafuta jibu na kulikagua jibu uliloletewa, na bado wanabishana tofauti yake ni kubwa kiasi gani. Nikamwambia awapeleke Migato.

"Mayu, unataka nifanye nini?" nikauliza.

"Siku ya kununua, uje mizanini. Useme mbele za watu, magunia yangu yakiwa pale."

"Nitasema kwa viongozi wa chama, niwaandikie barua."

"Barua nani aliniandikia mimi?" Akarudi kwenye pamba yake. "Njoo mapema, foleni ikiwa ndefu."

Nilikwenda. Nilivaa suruali yangu ya kwenda kanisani. Foleni ilikuwa ndefu kweli, mikokoteni imefika mpaka barabarani, nusu ya watu wananijua: yule nilimtengenezea mashine ya kukoboa, yule alinunua mashudu kwangu. Mayu Minza alikuwa na magunia matano na binti yake. Karani, kijana wa juzi, alikuwa ameshainama kufungua fundo la gunia la kwanza.

Nikapanda kwenye jukwaa la mizani. "Ndugu zangu, mwadila. Mnanifahamu. Mimi Masunga, niliyeanza na ufagio, nikasimamia jineri tatu, na leo hii pale Bariadi..."

"Fupisha," akasema Mayu Minza.

Foleni ikacheka. Mama mmoja nyuma akasema, "Huyo hajawahi kufupisha, mayu, unampa adhabu kubwa."

Nikafupisha. Nikawaambia jiwe lililochoma kiwanda lilikuwa langu, si la mama huyu. Nikawaambia nilimtaja bila kwenda kuangalia, na nilipojua nikanyamaza. Kicheko kilikatika taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma. Mzee mmoja aliyekuwepo siku ile magunia yalipomwagwa mara ya kwanza alivua kofia, akaitazama ndani kama ameangusha kitu humo. Binti wa Mayu Minza alinitazama mimi, na jicho lile sina haja ya kuwaelezea.

Karani alikuwa bado kashika fundo. Hakujua afanye nini, maana hiyo ndiyo kazi aliyoachiwa na waliomtangulia.

"Mbona hupimi?" Mayu Minza akamwuliza.

Akaliachia. Wanaume wawili wakalinyanyua gunia likiwa limefungwa, wakaliweka juu ya mizani. Karani akasoma uzito kwa sauti. Likafuata la pili, la tatu, mpaka la tano. Mayu Minza alisimama pembeni mikono nyuma, anayatazama yanavyopanda na kushuka, hana haraka, na foleni yote nyuma yake haikumharakisha.

Alipomaliza alikuja pale nilipokuwa nimejibanza kivulini. Nilidhani atanilaumu, nikaandaa uso.

"Wabeja," akasema, asante ya Kisukuma. "Sasa rudi Bariadi ukajisifu. Sitakuzuia, najua ni ugonjwa. Ila kila ukihesabu makubwa yako, na hili ulitie humo humo."

Nimelitia.